Gari ina miaka tisa, mara ya mwisho ilikaguliwa lini?

Ukipata dakika mbili leo nenda kaangalie kioo cha mbele cha gari yako, pale juu karibu na kioo cha kuangalilia nyuma, au juu upande wa dereva kwa stika zilizotolewa kuanzia Julai 2023. Kama ni gari iliyoshuka bandarini kutoka Japani na huko yadi hawakubandua, unaweza ukakuta kistika kidogo cha mraba kina namba mbili, moja kubwa moja ndogo. Wengi tunadhani ni cha paking au cha bima ya huko kwao. Hapana. Namba kubwa ni mwezi, ndogo ni mwaka, ila mwaka wenyewe umeandikwa kwa hesabu ya Kijapani ya zama za wafalme, kwahiyo ukikuta 6 unajumlisha 2018 unapata 2024, ukikuta 30 unajumlisha 1988 unapata 2018. Hiyo ndo tarehe ambayo ukaguzi wa lazima wa hiyo gari ulikuwa unaisha muda wake. Wenyewe wanauita shaken.

Sasa rudi nyuma kidogo. Shaken ya gari ndogo ya mtu binafsi inadumu miaka miwili (ile ya kwanza kabisa, gari ikiwa mpya, inadumu mitatu), kwahiyo stika ikisoma Mei 2024 maana yake mara ya mwisho breki zake kupandishwa kwenye mashine ya shaken ni Mei 2022 au hapo karibu. Toka hapo imeuzwa mnadani, imepanda meli, ukiacha ule ukaguzi wa kuingizia nchini imekaa yadi, umeinunua, umeipigisha matuta na mashimo miaka miwili mitatu, na kama ni gari ya kutembelea na uko Bongo kuna uwezekano mkubwa hamna aliyeipima kwa mashine tena. Af tunashangaa ikigoma kusimama mteremkoni.

Swali la "gari ikizeeka inatakiwa ikaguliwe kila baada ya muda gani" majibu yake yanagombana kila mahali, huyu anasema kila mwaka, yule miaka miwili, mwingine anakwambia Japani gari ikifika miaka kumi serikali inaichukua inaiponda. Tatizo la kwanza ni kwamba neno lenyewe ukaguzi tunalitumia kwa vitu vinne vitano tofauti. Kuna ukaguzi wa kuingiza gari nchini, huu wa TBS au KEBS (mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya), unafanyika mara moja tu na kazi yake ni kuamua gari iingie au isiingie. Kuna trafiki kakusimamisha barabarani anazunguka gari anaangalia taa na tairi. Kuna service, hiyo ni kati yako na fundi wako na mfuko wako. Kuna kupima moshi. Alafu kuna huu ninaouzungumzia hapa, ukaguzi wa usalama wa kila kipindi, ambao sheria inakwambia gari ikifika umri fulani iletwe, ipimwe na mtu ambaye hakuuzii spea, na isipopita haitembei. Ukichanganya hivi vitu lazima mgombane, maana unaweza kukuta gari ina service safi kabisa na bado ikafeli ukaguzi kwa sababu ya taa moja ya breki, na unaweza kukuta imepita ukaguzi jana na injini inakufa kesho. Waingereza wanakuandikia wazi kabisa kwamba ukaguzi wao hauangalii hali ya injini, klachi wala giaboksi. Hauhusiki nayo. Unaangalia kama hiyo gari inaweza kuua mtu.

Tuanze na Japani kwa sababu huko ndo zinakotoka nyingi, na huko ndo kuna uongo mwingi.

Sheria yao ya ukaguzi ni ya 1951. Zamani gari mpya ya mtu binafsi ilikuwa inaenda shaken ya kwanza ikitimiza miaka miwili, mwaka 1983 wakasogeza ikawa mitatu kwa sababu magari yalikuwa yanatengenezwa vizuri zaidi. Na zamani kweli gari ikivuka miaka kumi ilikuwa inatakiwa kupimwa kila mwaka, hapa ndo ile hadithi ya "Wajapani wanatupa gari ikifika miaka kumi" ilipopata nguvu, maana ilikuwa kero na gharama. Ila hiyo ilifutwa 1995. Toka hapo gari ya miaka mitano, ya miaka kumi na tano, ya miaka thelathini, zote ni kila baada ya miaka miwili. Hawaongezi ukaguzi kwa uzee. Wanachoongeza ni kodi: gari ya petroli ikivuka miaka 13 kodi ya gari ya mwaka inapanda kwa kama asilimia 15, na kodi ya uzito nayo inapanda hapo kwenye 13 alafu inapanda tena kwenye 18. Kwahiyo mtu akikwambia Mjapani kauza gari yake kwa sababu shaken ni ghali, kasema nusu. Bili ya shaken inakuja nzito kwa sababu ndani yake kuna kodi ya uzito, kuna bima ya lazima ya miaka miwili, kuna kazi ya gereji. Ada yenyewe ya kupimwa ni kipande kidogo tu hapo.

Na hii inaeleza kitu ambacho wanunuzi wengi wa mtandaoni wanakiona bila kukielewa, kwamba magari mengi ya mnadani yana miaka mitano, saba, tisa, kumi na moja. Sio bahati. Gari iliyosajiliwa Mei 2015 ilipimwa Mei 2018, 2020, 2022, na inayofuata ilikuwa Mei 2024, sasa mwenye gari miezi miwili mitatu kabla ya hapo anakaa anapiga hesabu, nilipie yote hayo au niiuze? Wengi wanauza. Maana yake gari inakuja kwetu mwishoni mwa kipindi, sio mwanzoni. Ile sentensi ya dalali kwamba "hii imepita shaken" ni kweli, ila imepita miaka miwili iliyopita, ni sawa na mtu akuoneshe leo cheti cha afya cha miaka miwili iliyopita.

(Kuna stika nyingine ya mviringo kwenye hivyo hivyo vioo. Hiyo sio shaken, ni ya ile check ya miezi kumi na mbili ambayo gereji zilizoidhinishwa zinafanya, inaonesha inayofuata ni lini. Sheria inaitaka lakini mtu binafsi asipofanya hamna faini. Sasa ukikuta gari ina mraba na mviringo vyote vya karibuni, mwenyewe alikuwa anaijali, mi naiamini hiyo kuliko maelezo yoyote ya yadi.)

Hapo nilisema gari ndogo ya mtu binafsi, na hilo neno ni la muhimu, kwa sababu Mjapani hahesabu umri peke yake, anaangalia gari inafanya kazi gani. Chukua Toyota Probox. Ile ya kubebea mizigo, ambayo ndo wanaojua wanaitafuta kwa sababu ni ngumu, kule imesajiliwa kama gari ya mizigo, kwahiyo ukaguzi wa kwanza ni miaka miwili na baada ya hapo ni kila mwaka. Probox ile ile ya kifamilia ilikuwa mitatu alafu miwili miwili. Bodi moja, injini moja, ratiba tofauti. Hiace za mizigo nazo hivo hivo, mbili alafu kila mwaka. Gari za kukodisha mbili alafu kila mwaka. Teksi na mabasi kila mwaka toka mwanzo. Mantiki yake ni kwamba gari ya kazi inakula kilomita kwa mwaka mmoja ambazo gari ya mama wa kwenda sokoni inakula kwa miaka minne, kwahiyo umri ni namna tu ya kukisia uchakavu, na pale ambapo wanajua ukisiaji utakosea wanabadilisha ratiba. Mjerumani naye hivo, gari binafsi mpya miaka mitatu alafu kila miwili hata ikiwa na miaka 25, lakini teksi kila mwaka.

Shikilia hilo la kukisia, ndo ufunguo wa hizi ratiba zote.

Angalia Uingereza walivyohangaika nalo. Ukaguzi wao, MOT, jina limetokana na wizara ya uchukuzi ya enzi hizo, ulianza 1960 na ulikuwa wa magari yenye miaka kumi na kuendelea tu, na vitu vilivyoangaliwa ni breki, taa na usukani. Wazo lilikuwa kwamba gari chini ya miaka kumi bado nzima. Walivyoanza kupima wakakuta magari mabovu ni mengi mno, mwaka uliofuata wakashusha ikawa miaka saba, na 1967 wakashusha ikawa mitatu. Toka hapo ni mitatu alafu kila mwaka, Ireland ya Kaskazini tu ndo ya kwanza inafanyika kwenye mwaka wa nne. Tairi ziliingizwa kwenye orodha 1968, waipa, honi, mikanda ikaja 1977, moshi 1991. Serikali ilishauliza watu kama isogeze ya kwanza iwe miaka minne, na Januari 2024 ikasema hapana, inabaki mitatu. Na mpaka leo zaidi ya robo ya magari yanayopelekwa yanafeli mara ya kwanza, na yanafelishwa na vitu vile vile: taa, saspensheni, breki, tairi. Hamna maajabu humo.

Kitu ambacho Waingereza wamefanya kizuri kuliko wote kwa maoni yangu ni kuweka matokeo wazi. Ukiwa na namba ya usajili ya Uingereza unaingia kwenye tovuti ya serikali bure, unaona kila mwaka gari ilipita au ilifeli, ilifeli kwa nini, waliandika onyo gani ("bushi ya mbele kushoto imeanza kuchoka", vitu kama hivyo), na kilomita, kwao maili, zilizosomwa siku hiyo. Mtu anayekuletea Range Rover ya Uingereza na dashibodi inasoma maili elfu arobaini, wewe omba tu ile namba ya zamani, kama 2019 ilisoma elfu tisini basi mazungumzo yameishia hapo. Kuna watu wamenunua magari ya hela nyingi bila kujua kwamba hiki kitu kipo na ni bure.

Umoja wa Ulaya wana sheria ya pamoja ya 2014 inayosema kwa uchache gari binafsi ipimwe mwaka wa nne, alafu kila miwili, teksi na malori kila mwaka, nchi ikitaka kukaza zaidi inakaza. Ufaransa na Italia wamekaa hapo hapo kwenye nne, mbili, mbili. Ila wengine wanabana kadri gari inavyozeeka na hapa ndo tunapata jibu la swali letu. Hispania: ya kwanza mwaka wa nne, kila miwili mpaka gari ifike kumi, baada ya hapo kila mwaka. Ireland vivyo hivyo, kumi na kuendelea ni kila mwaka. Ureno na Uholanzi (kwa gari za petroli) wanaanza kila mwaka kwenye miaka minane. Sweden mitatu, miwili, alafu kila miezi 14, sijui hiyo 14 waliitoa wapi lakini nadhani ni kumpa mtu nafasi ya kupanga. Na Aprili 2025 Tume ya Ulaya ilitoa pendekezo kwamba kote gari na vani zikivuka miaka kumi iwe kila mwaka, Wajerumani wengi hawakulipenda hata kidogo.

Kwahiyo ukizikusanya utaona zinazunguka namba mbili. Miaka mitatu au minne ya kwanza gari inaachwa, kwa sababu vitu bado vipya na kiwanda bado kina dhamana nayo. Na kwenye minane mpaka kumi, wanaobana wanabana.

New Zealand ni mfano mzuri kwetu kuliko hizo zote, kwa sababu nao usukani wao uko kulia na wamejaa magari ya mnada wa Japani kama sisi, hizo hizo tunazozijua. Walikuwa wakali kweli: gari chini ya miaka sita kila mwaka, juu ya sita kila miezi sita. Kila miezi sita! Mwaka 2014 wakalegeza, gari iliyosajiliwa mara ya kwanza popote duniani kuanzia 1 Januari 2000 ikawa kila mwaka, zilizosajiliwa kabla ya hapo zikabaki miezi sita, na gari mpya haiguswi mpaka itimize mitatu. Ona walichofanya hapo: badala ya kuhesabu miaka, wakaweka tarehe. Gari ya 2001 mwaka 2014 ilikuwa na miaka 13, ikatoka kwenye miezi sita ikaingia mwaka mzima. Walifanya utafiti kabla, ukaonesha kupima mara mbili kwa mwaka kunapunguza hitilafu kweli, lakini faida ya ziada ilikuwa ndogo ukilinganisha na hela na muda wa watu wote kupanga foleni mara mbili.

Na hapo kuna mjadala ambao watu wa usalama barabarani hawapendi kuusema kwa sauti. Norwe walishafanya jaribio la kweli kweli, matokeo yake yalitoka 1992, walichukua magari 204,000 wakayagawa kwa bahati nasibu makundi matatu: moja linakaguliwa kila mwaka kwa miaka mitatu, lingine mara moja tu, lingine halikaguliwi kabisa. Hali ya magari yaliyokaguliwa ikawa bora, lakini ajali? Hamna tofauti. Ajali nyingi zinatokana na dereva na barabara, gari bovu ni sehemu ndogo, na mtu anayejua gari yake breki mbovu saa nyingine anaendesha kwa woga. Marekani nako majimbo mengi hayana ukaguzi wa usalama, New Jersey waliacha kukagua ubovu wa gari binafsi 2010, Texas wakafuta kwa gari zisizo za biashara kuanzia 1 Januari 2025.

Sasa mtu anaweza kuchukua hiyo Norwe akasema basi ukaguzi ni kula hela tu. Mi siko huko. Norwe ya wakati ule gari mbovu kabisa zilikuwa chache, gereji zina vifaa, spea ni orijino, polisi wanasimamisha na kukagua barabarani kwa bahati nasibu. Ukiondoa ukaguzi wa kipindi hapo unaondoa kitu kimoja kati ya vingi. Huku ukiuondoa umeondoa kila kitu, hamna kingine kilichobaki zaidi ya fundi wa chini ya mwembe ambaye mara nyingi unampelekea gari ikishalia.

Tuje kwenye gari yenyewe, kwanini miaka minane kumi na sio minne? Ni kwa sababu kuna vitu vinavyochoka kwa kilomita na kuna vitu vinavyochoka kwa kalenda. Breki pedi, boljointi, tairodi, shokapu, hivyo vinakula kilomita na mashimo. Lakini mpira hauulizi umeendesha kiasi gani. Mipira ya breki, ile minyumbufu inayopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu, bushi, mikanda, tairi, vyote vinakauka na kupasuka hata gari ikiwa imesimama uani. Mafuta ya breki yanavuta unyevu kwenye hewa, na Dar na Mombasa na Tanga unyevu ni bure, mafuta yakishapata maji yanachemka mapema, ukishuka mteremko mrefu umekanyaga breki muda wote pedali inakuwa laini kama godoro. Taa za plastiki zinaingia ukungu. Kutu, hii sisi wa bara hatuna shida sana lakini gari iliyotoka Uingereza au Hokkaido ambako wanamwaga chumvi barabarani kipindi cha barafu, chini inaweza kuwa imeliwa na juu inang'aa.

Kwahiyo gari ya miaka tisa yenye kilomita elfu arobaini, ile tunayoitafuta wote na tunailipia zaidi, kwa mpira ni gari ya miaka tisa tu. Mi mwenyewe nilinunua gari yadi moja hapa mjini, tairi zinang'aa kama zimepakwa mafuta ya nazi, kashata zote zipo, nikafurahi nikasema hapa nimeokoa laki kadhaa. Miezi minne baadaye mtu akanionesha zile tarakimu nne zilizo ubavuni kwenye kiduara, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, tairi zangu zilikuwa na miaka minane na nusu. Ukaguzi wa kina cha kashata, hiyo milimita 1.6 ambayo Uingereza na Japani wote wanaitumia, ungezipitisha bila shida. Nilikuwa nimeshaenda nazo Dodoma na kurudi mara mbili, abiria wanne, spidi sitaji.

Na hili ndo linaniuma kuhusu sisi. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyovuka miaka minane, Tanzania ikivuka minane ushuru wa uchakavu unaanza, Uganda toka 2018 mwisho ni kumi na tano. Tumeweka mlinzi getini, anauliza umri, anakagua, sawa. Lakini sasa gari inayoingia Mombasa na miaka saba ni gari ambayo kama ingekuwa Ureno mwakani inaanza kupimwa kila mwaka. Sisi inapofika hapo ndo tunaipa namba mpya, tunaifunga muziki, tunaanza nayo maisha. Kwetu inaitwa mpya. Tutaiendesha mpaka ina miaka ishirini na kitu, yani kile kipindi chote ambacho wenzetu wamekiwekea ulinzi mkali ndo kipindi chenyewe ambacho gari inaishi huku.

Gari za biashara kidogo kuna utaratibu. Kenya matatu na malori yanapelekwa NTSA (mamlaka yao ya usalama barabarani) kila mwaka, Likoni Road kwa watu wa Nairobi, Miritini kwa Mombasa, na 2025 walileta rasimu ya kanuni inayotaka hata gari binafsi zilizovuka miaka minne toka zitengenezwe ziingie kwenye ukaguzi, watu wakapiga kelele wakasema ni kodi nyingine imevaa kofia. Tanzania daladala na basi ukitaka leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa nchi kavu) unakuwa na ripoti ya ukaguzi, na gari binafsi inakutana na stika ya trafiki ya Wiki ya Nenda kwa Usalama. Rwanda ndo wako mbele, polisi wao wana kituo cha mashine pale Remera Kigali na vingine mikoani, gari binafsi kila mwaka, za abiria na mizigo kila miezi sita.

Kelele za Wakenya mi nazielewa, kwa sababu ukaguzi una maana ikiwa umepimwa. Stika ambayo gari haijainuliwa hata sentimita moja, mtu kazunguka kapiga teke tairi, kawasha indiketa, kabandika, hiyo ifanyike kila mwaka au kila wiki ni sawa na kutofanyika. Kipimo cha breki kinataka rola mbili: gurudumu linazungushwa, unakanyaga, mashine inasoma kila upande unashika kwa nguvu gani, na Uingereza kama gurudumu moja linashika chini ya asilimia 70 ya mwenzake kwenye ekseli hiyo hiyo unafeli. Hiyo tofauti wewe dereva huwezi kuisikia ukiendesha taratibu mjini. Utaisikia siku ukifunga breki kwa ghafla kwenye mvua na gari ikakata kona yenyewe.

Basi ukiniuliza mimi, kwa gari zetu hizi za kutembelea, ratiba ya miaka mitatu minne ya kwanza isituhusu maana hamna gari ya hivyo. Kwa yenye miaka minane na kuendelea ni kila mwaka, na kama unapiga bolti (teksi ya mtandaoni) au unaenda mkoani kila wiki ihesabu kama wanavyohesabu Probox, bila kuangalia umri. Sio service, namaanisha siku moja ambayo unamwambia fundi leo hatubadilishi oili, leo unainua gari magurudumu yote manne, unashika gurudumu juu na chini unatikisa, unashika kushoto na kulia unatikisa, unaangalia mipira ya breki kama ina nyufa, unasoma tarehe za tairi, nakaa nyuma ya gari naangalia taa za breki wewe ukikanyaga. Ikiwezekana awe fundi tofauti na yule wa kila siku. Yule wa kila siku ndo aliyefunga, hawezi kukwambia kafunga vibaya.

Yangu ya 2011 naipeleka kila Juni kabla ya safari ya kijijini. Mwaka jana kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa hendibreki, nilikuwa nimeshazoea kuweka jiwe.